Barua ya Kuulizia Jina: Adabu ya Mwanafunzi Mbele ya Daftari la Mtihani

Barua ya Kiswahili hutazamwa aghalabu kwa ajili ya hati yake ya Kiarabu, au kwa ajili ya habari za biashara na za utawala zilizomo ndani yake. Makala haya yaitazama barua ndogo zaidi: ile ambayo mwanafunzi humwandikia mkuu wa shule, au karani wa ofisi yake, akiomba ahakikishiwe kwamba jina lake limekwisha kuandikishwa kwa mtihani. Ni barua ya mistari sita au saba. Hata hivyo katika mistari hiyo zimekutana ada zilizotoka mbali mbali: salamu za waraka wa pwani, taratibu za ofisi ya Mwingereza, na lugha ya serikali baada ya uhuru. Na chini ya hayo yote limo tatizo moja la adabu ambalo kila zama zimelitafutia njia yake.

Tatizo ni hili. Mtu aombaye kitu hamshushi yule anayemwomba. Kinyume chake humpandisha, maana akiri kwamba yule anacho na yeye hana. Bali mtu aombaye kuhakikishiwa jambo ambalo mkubwa wake alipaswa kulitenda huonyesha, apende asipende, kwamba ana shaka. Swali la "Je, umeniandika?" lina ndani yake "huenda hukuniandika." Mtoto hamwulizi mzazi wake hivyo, wala mwanafunzi hamwulizi mwalimu wake. Huku nyuma asipouliza, na jina likawa halimo, hasara ni yake peke yake: siku ya mtihani hana namba, hana meza, na mwaka mzima umempita. Basi hana budi kuuliza bila kuonekana kuwa ameuliza. Namna lugha ilivyomsaidia katika jambo hilo ndiyo habari ya makala haya.

Zamani swali lenyewe halikuwa na mahali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ameyaeleza mambo ya chuoni katika "Desturi za Wasuaheli", kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Katika chuo cha Kurani mtoto alisoma mbele ya mwalimu, sura kwa sura na juzuu kwa juzuu, na alipohitimu mwalimu alilijua jambo hilo kwa masikio yake mwenyewe. Hapakuwa na daftari la kupelekwa mahali pengine, wala hapakuwa na mtahini asiyemjua anayetahiniwa. Mwenye kufundisha, mwenye kusikiliza na mwenye kutoa hukumu walikuwa mtu mmoja. Mzazi aliweza kuuliza kama mwanawe amefika wapi, lakini hakuna aliyeweza kuuliza kama mwanawe amo.

Neno "mtihani" lilikuwamo katika lugha kabla ya mitihani ya karatasi. Limetokana na Kiarabu, na katika midomo ya watu wa pwani lina maana ya jaribu analoletewa mja na Mungu; hata leo mtu aliyefiwa au aliyeunguliwa nyumba huambiwa kwamba huo ni mtihani. Shule zililichukua neno hili zikalipa maana ya pili, wala hazikuifuta ile ya kwanza. Kutoka kitenzi "kutahini" yakazaliwa "mtahini" na "mtahiniwa", na katika jozi hii sarufi yenyewe imekwisha kusema mengi: yule wa pili ametajwa kwa lile analotendwa, hata kabla hajashika kalamu.

Kama swali la mwanafunzi halikuwapo, mfano wa kuliuliza ulikuwapo. Waraka wa pwani ulikuwa na umbo linalojulikana, na vielelezo vyake havikukosa kuhifadhiwa. Edward Steere alitia vielelezo vya barua za Kiswahili katika nyongeza za kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, na C. G. Büttner alitoa mwaka 1892 mkusanyiko mzima wa maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Waraka ulianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa sifa zake, "ila janabi sheikh" na yanayofuata, pamoja na jina lake na la baba yake, na dua ya kumwombea salama. Baada ya hapo likaja neno la kukata, "wa baadu", na mwandishi akaarifu kwamba hali yake ni njema na kwamba anamdhania mwenziwe kadhalika. Hapo ndipo haja yake ilipoingia, mara nyingi ikitanguliwa na "mintarafu ya". Mwisho zilikuja salamu kwa watu wa nyumbani, tarehe ya Kiislamu, na jina la mwandishi pamoja na neno la kushuhudia kwamba ameandika kwa mkono wake.

Wako waliouona utangulizi huu kuwa maneno matupu yanayochelewesha jambo. Hukumu hiyo si ya haki. Utangulizi ulikuwa na kazi yake, nayo ilikuwa kuweka dhana njema kabla ya kutaja haja. Mtu akiisha kuandika "nami nakudhania kadhalika", yaani kwamba mambo ya mwenziwe yako sawa, ameweza kuulizia mali yake isiyofika bila ya kumtuhumu mtu. Hakuandika "mali yangu iko wapi". Aliandika kwamba hajapata jawabu, na kwamba moyo wake haujatulia, akaomba aarifiwe. Upungufu aliuweka katika moyo wake mwenyewe na katika umbali wa njia, si katika uaminifu wa mwandikiwa. Ustadi huu wa kuyahamisha mashaka ndio utakaoonekana tena na tena hapa chini.

Ombi la mtu mdogo kwa mtawala nalo lilikuwa na jina lake, "ardhilhali", na umbo lake halikuachana sana na la waraka, ila sifa za mwandikiwa ziliongezwa na za mwandishi zikapunguzwa. Watu wasiojua kuandika waliandikiwa na wanaojua, na kwa njia hiyo mitindo hii ikaenea hata kwa wasioshika kalamu.

Shule za serikali ya Wadachi, ambayo ya Tanga ilikuwa mashuhuri kuliko zote, ziliingiza hati ya Kilatini katika kazi za ofisi, wala hazikuiondoa mara moja ile ya Kiarabu. Wanafunzi wake walitoka kuwa makarani, walimu na maakida. Jambo lililobadilika kwao si herufi tu. Karani humwandikia "Bwana Mkubwa" ambaye jina lake pengine halijui, na ambaye kesho aweza kuhamishwa akaja mwingine. Barua ikaanza kwenda kwa kiti badala ya kwenda kwa mtu. Dua ya kumwombea salama fulani bin fulani haina maana kwa kiti, basi ikaanguka yenyewe.

Waingereza walipoishika Tanganyika waliendeleza Kiswahili katika kazi za utawala wa wilaya na katika shule za chini. Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930 chini ya katibu wake Frederick Johnson. Gazeti liliwafundisha watu wengi, kuliko darasa lo lote, namna ya kumwandikia mtu wasiyemfahamu. Mwenye kuomba nafasi gazetini alijifunza kuomba kwa maneno machache na kuuendea ujumbe wake haraka. Wakati huo huo ofisi zilikuwa zikitafsiri adabu ya Kiingereza neno kwa neno. Mwingereza humalizia barua yake ya kazi kwa kujiita mtumishi mtii wa mwandikiwa, hata kama anamkaripia. Kiswahili kikapata "wako mtiifu". Mwingereza huanza kwa kusema kwamba anayo heshima ya kuarifu. Karani naye akaandika "ninayo heshima kukuarifu", na msomaji wa pwani hapana shaka alijiuliza heshima hiyo ni ya nani. "Wako mtiifu" limeota mizizi Tanzania, na "wako mwaminifu" limeota Kenya. Lile la heshima halikuota, na lugha haikupata hasara.

Neno la kutangulizia haja lina historia ya kupendeza zaidi. Barua ya ofisi ya Kiingereza huweka juu ya habari zake kichwa kifupi cha kuonyesha jambo linalohusika. Tanzania iliandika "Yah:", kifupi cha "yahusu". Shule za Kenya hufundisha "Kuh:", kifupi cha "kuhusu", lakini hufundisha pia "Mint:", na hilo si jingine ila "mintarafu" ya waraka wa zamani, limekatwa mkia na kupewa nukta mbili. Mtoto wa bara aliyekaa darasani Nakuru au Machakos akiandika "Mint:" juu ya barua yake hutumia neno la wafanyabiashara wa Lamu na Mombasa, na mwalimu wake pengine humwambia kwamba huo ndio mtindo wa kisasa.

Mitihani ya kutoka ng'ambo ndiyo iliyoleta swali lenyewe. Halmashauri ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza, na katika miaka ya 1860 ilikwisha kuvuka bahari mpaka Trinidad. Katika Tanganyika mitihani ya sekondari ya kutoka nje ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na ule wa daraja ya juu ulianza mwaka 1960. Utaratibu wake ulikuwa mgeni kwa kila hali. Majina yaliandikwa miezi mingi kabla ya mtihani, yakapelekwa Uingereza. Maswali yakaja kutoka huko. Majibu yakarudi huko kusahihishwa. Na matokeo yakangojwa mpaka mwaka uliofuata. Msahihishaji hakumjua mtahiniwa ila kwa namba ya kituo na namba yake mwenyewe.

Hapo mwalimu mkuu alipoteza kitu na kupata kitu. Alipoteza hukumu, kwa kuwa si yeye tena aliyesema nani amehitimu. Akapata kuwa mlango: hakuna jina lililokwenda ila kupitia mkononi mwake. Na mwanafunzi, kwa mara ya kwanza, akawa na haja ya kuulizia jambo lililokwisha kutoka mbele ya macho ya wote wawili. Kwa adabu yake hili lilikuwa faraja kubwa. Mashaka yaliyokuwa hayana mahali pa kuwekwa ila juu ya mwalimu sasa yaliweza kuwekwa juu ya posta, juu ya meli, juu ya karatasi. Mtu huweza kusema "isije ikawa karatasi zimechelewa njiani" bila ya kumgusa mwalimu wake hata kidogo. Ule ustadi wa waraka wa pwani wa kuihamisha shaka ukapata njia mpya ya kupita.

Yafaa kusemwa hapa kwamba katika shule za sekondari barua hizo, zilipoandikwa, ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya shule na ya mtihani. Kadhalika wale walimu na makarani waliojisomea kwa posta jioni baada ya kazi, wakafanya mitihani ya nje pasipo kuwa na shule. Hao ndio waliohitaji barua hii kuliko wote, maana hawakuwa na mkuu wa kuwasemea. Kiswahili kilibaki katika shule za chini, katika barua za wazazi kwa walimu, na katika ofisi za wilaya. Lakini mtu aliyeandika Kiingereza asubuhi na Kiswahili jioni hana mikono miwili ya adabu. Umbo la barua ya ofisi aliloshika shuleni alilichukua nyumbani, na dhana njema aliyoishika nyumbani aliichukua shuleni.

Mwaka 1967 ulikusanya mambo mengi. Serikali ya Tanzania iliagiza kazi zake zifanywe kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Azimio la Arusha likatangazwa. Na nchi tatu za Afrika ya Mashariki zikaunda Baraza lao la Mitihani, ambalo kwa muda lilifanya kazi pamoja na Cambridge. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa kwa Sheria namba 21 ya mwaka 1973. Kenya iliunda lake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Daftari la majina likarudi nyumbani, na safari yake ikafupika, ila ile hali ya mwalimu kuwa mlango haikubadilika.

Katika barua za Tanzania "Bwana" akaondoka na "Ndugu" akaingia, na "wako mtiifu" likapata mshindani, "wako katika ujenzi wa taifa". Kwa mkubwa kumwandikia mdogo au mtu kumwandikia mwenziwe, mabadiliko haya yalikuwa na maana ya kweli. Kwa mwanafunzi yalileta mashaka. Kumwita mkuu wa shule "Ndugu" ilikuwa sahihi kwa siasa, wala ulimi wa mtoto haukuizoea. Wengi walijiokoa kwa kutumia jina la kazi, "Mwalimu Mkuu" au "Mkuu wa Shule". "Bwana" lilikuja likaenda, "Ndugu" likaja likapungua, "Mheshimiwa" limejitokeza sana katika siku za karibu. "Mwalimu" limebaki mahali pake tangu chuo cha Kurani, na katika neno hili peke yake mwanafunzi hana haja ya kuchagua siasa.

Barua hii ilipata pia bahati ya ajabu, nayo ni kuingizwa katika mtihani wenyewe. Barua rasmi ikawa sehemu ya somo la Kiswahili, na Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 na kulifanya somo hilo kuwa la lazima katika mtihani wa shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, maelfu ya watoto walijifunza anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, "natanguliza shukrani" na sahihi. Mtoto hupewa alama kwa kumwandikia mkuu wa shule asiyekuwapo duniani, kuhusu haja asiyokuwa nayo. Yule mkuu aliyeko, mwenye daftari mezani, huandikiwa kwa nadra zaidi. Mazoezi haya yamelinda umbo, hilo halikanushiki. Lakini darasa hufundisha anwani ikae upande gani, na huacha bila kufundishwa jambo ambalo ndilo gumu, yaani namna ya kuuliza.

Basi yafaa kutazama namna wanavyouliza wale wanaouliza kweli. Sura ya kawaida ya sentensi yao ni kama hii: "Naomba kujulishwa kama jina langu limo katika orodha ya watahiniwa." Kila neno hapa limechaguliwa, ingawa mchaguzi hajui kwamba amechagua. "Kujulishwa" ni kauli ya kutendwa, na mtendaji wake hakutajwa. Anayejulisha aweza kuwa mkuu, karani, au karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwanafunzi hakumwagiza mtu ye yote kufanya kazi. Ameomba tu kwamba habari imfikie. "Unijulishe" lingekuwa Kiswahili sahihi na lenye adabu ya kutosha kati ya watu wa rika moja, lakini kiambishi kile cha mbele kingemnyoshea mwalimu kidole.

"Limo" nalo si sawa na "limeandikwa". Ukiuliza kama jina limeandikwa umemwulizia mwandishi na kazi yake. Ukiuliza kama limo umeliulizia jina na mahali lilipo, kana kwamba majina huingia na kutoka madaftarini kwa miguu yao. Kiswahili kinayo hazina hii ya "-po", "-ko" na "-mo", na hapa imetumika kwa kazi ambayo vitabu vya sarufi havizoei kuitaja: kulieleza tokeo bila ya kumleta mtendaji.

Liko jambo jingine jembamba zaidi, nalo ni tofauti ya "kama" na "kwamba". "Naomba kujulishwa kama limo" huacha milango miwili wazi. "Naomba kuthibitishiwa kwamba limo" imekwisha kudhani kuwa limo, na inaomba neno la kulitia nguvu tu. Kwa sura ya nje, ombi la pili ni zito zaidi, maana "kuthibitisha" ni neno la ofisi na la hukumu, lenye asili ya Kiarabu ya kuwa imara. Kwa adabu ya ndani, ombi la pili ni jepesi, kwa sababu limempa mwalimu dhana njema kabla ya kujibu. Ni ile ile "nakudhania kadhalika" ya waraka wa zamani, imejificha ndani ya kiunganishi kimoja. Wanafunzi walio hodari huandika "kwamba". Walio na hofu kweli huandika "kama". Msomaji wa barua hizi aweza kupima hali ya moyo wa mwandishi kwa neno hili moja, pasipo kutazama mengine.

Kitenzi cha kuandikwa kwa jina kimebadilika pia. "Kuandikisha" ni cha watu wote, kimetokana na "andika", na kila mtu husikia ndani yake kalamu. "Kusajili" kimekuja na ofisi, nacho kimezaa "usajili", "msajili" na "msajiliwa". Si neno baya, na Waarabu walilijua muda mrefu kabla yetu kulipata kwa matumizi haya, lakini limeipeleka kazi mbali na mkono wa mtu. Jina huandikishwa na fulani. Usajili hufanyika wenyewe. Mwanafunzi mwenye adabu hupendelea la pili, na sababu yake haina uhusiano na usomi: ni kwamba katika "usajili haujakamilika" hakuna aliyekosea.

Nyuma ya maneno haya liko jambo zito zaidi, nalo ni jina lenyewe. Katika waraka wa pwani mtu alikuwa fulani bin fulani, na hati ya Kiarabu haikuwa na shida ya kulisoma. Daftari la shule lilitaka majina yapangwe, kwanza mawili, kisha matatu, kwa herufi za Kilatini, na "bin" na "binti" zikaachwa. Hapo mtu mmoja akaweza kuwa Khamis katika cheti cha kuzaliwa, Hamisi katika daftari la shule ya msingi, na Hamis katika orodha ya mtihani. Othman na Athumani ni jina moja. Shaaban na Shabani kadhalika. Abdalla huongezwa herufi ya mwisho na kupunguzwa. Halmashauri ya lugha iliyasawazisha maneno ya lugha, wala hakuna aliyeweza kuyasawazisha majina ya watu, kwa kuwa jina ni la mwenyewe. Kwa watu wa bara ilikuwapo shida ya pili: wako ambao jina la ukoo hutangulia, na wako wasiokuwa na jina la ukoo kabisa, wakalazimika kulibuni siku ya kuandikishwa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kuulizia jina lake aghalabu anauliza mambo mawili kwa pamoja: kama limo, na limeandikwaje. La pili ndilo hudumu. Jina likikosekana mtu hupoteza mwaka. Likiandikwa kwa kukosewa huingia katika cheti, na cheti hakilingani na vyeti vingine, na miaka baadaye mtu huyo atakwenda mbele ya wakili kula kiapo kwamba yule na huyu ni mmoja. Shule nyingi zimejifunza kubandika orodha ukutani na kuwaita wanafunzi waisome kabla haijapelekwa. Karatasi hiyo ya ukutani ni jibu la barua ambazo hazikuandikwa, na pengine ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo ofisi yaweza kumpa mwenye haya: kumjibu kabla hajauliza.

Namba nayo imeendelea na kazi iliyoianza zamani za Cambridge. Katika mitihani ya sekondari ya Tanzania kituo cha shule huanza kwa herufi S na kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kwa herufi P, kisha hufuata tarakimu za kituo na za mtahiniwa. Mtu aliyesoma kwa miaka minne akiitwa kwa majina yake matatu huingia chumba cha mtihani akiwa tarakimu. Ndiyo maana barua nyingi za siku hizi huulizia namba badala ya jina. "Naomba kujua namba yangu" ni ombi safi kabisa kwa adabu. Limedhani kwamba namba ipo, na kama haipo, mwalimu mwenyewe ndiye atakayegundua.

Siku hizi usajili hupelekwa kwa mtandao, na ombi la mwanafunzi huja kwa simu. Waliotazamia kwamba simu ingeyakata maneno ya adabu yawapasa kuusoma ujumbe wenyewe. Huanza kwa "Shikamoo Mwalimu", huulizia kazi na nyumbani, kisha huja "samahani", na neno hili sasa limekaa mahali pale pale palipokaa "wa baadu": ni neno la kukata, la kuonyesha kwamba salamu zimekwisha na haja inaingia. Baada yake huja jambo ambalo vitabu vya barua rasmi havikulifundisha: "nilikuwa naomba kuulizia kuhusu usajili wangu." Ombi linafanywa sasa hivi, na kitenzi kimewekwa katika wakati uliopita. Mwanafunzi amelirudisha nyuma ombi lake, kana kwamba lilikuwapo zamani na laweza kuachwa pasipo mtu kuudhika. Kadhalika hakuandika "kuuliza"; ameandika "kuulizia", na kwa silabi moja iliyoongezwa swali limemwacha mwalimu na kuzunguka kando ya jambo lenyewe.

Na shaka yake ameiweka wapi? Posta imepita, meli imepita. Ujumbe huendelea hivi: "maana nimesikia mfumo ulikuwa unasumbua." Mfumo hauna uso wala jina la baba, na hauudhiki kwa kushukiwa. Mwalimu, kama ni mtu wa zamani kidogo, hujibu "Marahaba", kisha huandika neno moja: "Limo."